Pa kutazamia nyota ukiwa Pangani

Ndugu, umeuliza uwapeleke wapi watoto waone nyota, maana taa za mjini zinawaharibia. Mimi ningevuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kisha nishike njia ya Ushongo. Ufukwe unaelekea mashariki na taa ni chache. Ulizia mapema saa ya kivuko cha mwisho, msije mkalala ng'ambo bila kupanga.

Kikubwa zaidi ni giza. Nenda siku za mwisho wa mwezi mwandamo, kuanzia tarehe 27 hivi. Ubaya wake, wavuvi wa dagaa nao hutaka giza hilohilo, kwa hiyo unaweza kukuta taa zimejipanga baharini. Zipe mgongo tu.

Tochi ifunge kwa kitambaa chekundu, simu iwe mfukoni, kisha kaeni nusu saa macho yazoee. Mwezi wa Julai, saa tatu usiku, kundi la nyota liitwalo Nge linakuwa juu kabisa, mkia umejikunja, na Njia Nyeupe, ule ukanda mweupe wa nyota, inapita papo hapo. Mkiweza kuamka saa kumi alfajiri, Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, kinakuwa mashariki. Mwanangu alihesabu nyota sita, akaapa ni saba.