Maswali na majibu: riwaya ya kuchekesha inapomtetea mnyama

Maswali haya yametoka kwa wasomaji vijana, na moja kwa mwalimu. Wote wamesoma riwaya za ucheshi zinazohusu kulinda wanyamapori na wanataka kutoa maoni yenye uzito. Tumeyafupisha bila kubadili maana.

Shikamooni. Kitabu kimenichekesha mpaka basi, lakini nikikaa kuandika maoni naishia "kitabu ni kizuri, nimecheka sana". Niongeze nini? (Msomaji, miaka 13)

Marahaba. Usiongeze sifa, ongeza mahali. Chagua tukio moja tu lililokuchekesha, andika namba ya ukurasa, kisha jibu maswali matatu: nani anachekwa hapo, anachekwa kwa kosa gani, na baada ya kicheko mnyama amepata nini au amepoteza nini. Hilo la tatu ndilo wengi huliruka, na ndilo linalotenganisha riwaya ya uhifadhi na kitabu chochote cha vichekesho.

Tuseme kuna sura ambayo afisa anahutubia kijiji juu ya faida za tumbili, na nyuma yake tumbili wawili wanamaliza ndizi zilizopangwa mezani. Ukiandika "afisa alichekesha" hujasema kitu. Jaribu hivi: "Tunamcheka afisa kwa sababu anaongea juu ya tumbili bila kuwatazama. Wakulima waliokaa mbele wanaona kila kitu, na hakuna anayemwambia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza hasara ya mashamba yao. Kichekesho hiki kinaonyesha kwa nini watu hawa hawajali tumbili wakitegewa mitego." Hizo ni sentensi tatu, na tayari mtu ambaye hajasoma kitabu anajua kina akili ya namna gani.

Ili usitafute kurasa mwishoni, soma ukiwa na vipande vya karatasi. Kipande kimoja kikae pale ulipocheka, kingine pale uliposhtuka au kukasirika, na kingine pale ulipochoka. Visizidi kumi kwa kitabu kizima, la sivyo utarudi kwenye msitu uleule wa kurasa.

Mwandishi amesema nungunungu anarusha miiba kama mishale. Najua si kweli. Niseme, au nitaonekana sielewi utani? (Msomaji, miaka 11)

Sema. Lakini kwanza pima ni kosa la aina gani. Mnyama akiongea, akivaa miwani au akimpigia simu mkuu wa wilaya, hakuna msomaji atakayefunga kitabu akiamini. Hiyo ni chumvi ya sanaa, iache. Shida iko kwenye jambo la uongo lililosemwa kwa sauti ya ukweli, pengine kinywani mwa mhusika tunayeambiwa ni mtaalamu, na hadithi yenyewe haimkosoi popote. Hapo msomaji anaondoka nalo nyumbani.

Nungunungu harushi miiba. Miiba yake imeshikwa kwa wepesi kwenye ngozi, hung'oka ikimgusa adui, na nungunungu mwenyewe hurudi kinyumenyume kwa kasi ili amchome anayemfuata. Tukio halisi linachekesha kuliko la kubuni, na kwenye maoni yako unaweza kuandika hivyohivyo: mwandishi amepoteza kichekesho kizuri zaidi.

Makosa mengine yanayojirudia kwenye vitabu vya aina hii: bundi anayezungusha kichwa duara zima (hufika takriban nyuzi 270, shingo yake ikiwa na pingili 14, mara mbili ya zetu), popo kipofu (popo wote wana macho yanayoona), na mbuni anayefukia kichwa mchangani. Kosa tunaloliona baya kuliko yote ni fisi mwoga asiyejua kuwinda. Utafiti wa mwanasayansi wa wanyama Hans Kruuk wa miaka ya 1960 katika Serengeti na Ngorongoro ulionyesha kuwa fisi madoa ni mwindaji hodari, na kwamba Ngorongoro mara nyingi simba ndiye aliyekuwa akimnyang'anya fisi windo lake. Fisi na bundi huuawa mahali pengi kwa kuchukiwa au kuogopwa tu. Riwaya inayodai kuwatetea wanyama huku ikiendeleza chuki hiyo kwa ajili ya kicheko cha ukurasa mmoja inastahili kuambiwa waziwazi.

Kabla hujamsahihisha mwandishi, hakikisha kwa vyanzo viwili visivyonakiliana. Kuhusu hali ya mnyama, yaani kama yuko hatarini kutoweka, tazama Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Soma jina kamili la spishi, kwa sababu "kasa" au "tumbusi" ni kundi, na ndani ya kundi moja hali hutofautiana sana.

Rafiki yangu anasema kitabu ni mahubiri matupu. Mimi naona ni hadithi nzuri. Nani yuko sahihi? (Msomaji, miaka 14)

Mnaweza kuamua kwa kufungua kitabu badala ya kubishana. Tafuteni sehemu tatu ambazo mhusika anaeleza jambo kuhusu wanyama kwa zaidi ya sentensi nne mfululizo. Someni hadithi mkiiruka kila moja. Kama hadithi inaendelea bila kupungukiwa, rafiki yako ana hoja: maelezo yamebandikwa. Kama baada ya kuyaruka hamwelewi tena kwa nini mtu alifanya alichofanya, basi maelezo hayo ni sehemu ya hadithi.

Chukueni tumbusi. Mwandishi anaweza kumweka mwalimu asimame aseme tumbusi husafisha mizoga na hivyo kuzuia magonjwa. Ni kweli, na inachosha. Mwandishi mwingine anaweza kuwapa wahusika fumbo: mzoga wa tembo, na kuuzunguka tumbusi wamelala chini wamekufa. Kwa nini mtu awaue ndege asiowala wala kuwauza? Kwa sababu tumbusi wakizunguka angani huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali tembo alipouawa, na jangili anataka muda wa kukimbia, hivyo anautia mzoga sumu. Si jambo la kubuni. Juni 2019 nchini Botswana, tumbusi 537 walikutwa wamekufa kwa sumu kwenye mizoga ya tembo watatu waliouawa na majangili. Mhusika anayelijua hili ataacha kutafuta nyayo, atatazama juu. Hapo elimu imegeuka kuwa hatua katika hadithi, na hakuna aliyehubiriwa.

Mkimaliza zoezi hilo huenda mkakuta kila mmoja wenu ana sehemu yake: nusu ya kwanza hadithi, nusu ya pili hotuba. Hutokea sana, hasa mwandishi anapoogopa kwamba kicheko kimemfanya msomaji asahau ujumbe. Andikeni ni sura ya ngapi mambo yalipobadilika. Maoni ya namna hiyo yana faida kuliko "kinachosha".

Majangili wote kwenye riwaya niliyosoma ni wajinga. Wanajikwaa, wanajipiga risasi za mguu, wanakimbizwa na bata. Nilicheka, lakini nikabaki na wasiwasi. Je, ni haki kukilaumu kitabu kwa hilo? (Msomaji, miaka 15)

Ni haki, na wasiwasi wako ndio maoni yenyewe. Mwovu mjinga ana kazi yake: anampunguzia msomaji mdogo hofu, na anamnyima mwovu ushujaa. Hasara ni kwamba ulinzi unaonekana rahisi. Kama jangili anaanguka mwenyewe, askari wa nini?

Angalia pia ni nani aliyefanywa mjinga. Biashara haramu ya wanyama ina mtega mitego, msafirishaji, mtengeneza nyaraka za uongo na mnunuzi. Riwaya nyingi humcheka wa kwanza peke yake, ambaye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote, na kumwacha mnunuzi bila jina wala sura. Mwandishi jasiri hukipeleka kicheko juu, kwa mwenye fedha na mwenye muhuri.

Kakakuona anafaa kama kipimo. Akitishwa hujiviringa kuwa mpira wa magamba, na simba huhangaika naye bila kupata pa kuuma. Mbinu hiyohiyo inamwangamiza mbele ya binadamu, maana mtu anainama tu na kumbeba. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulioanza kutumika mwaka 1975, zilikubaliana kuziweka spishi zote nane za kakakuona kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani marufuku ya biashara ya kimataifa. Ukikuta kakakuona kwenye riwaya ya ucheshi, tazama: je, mwandishi ameutumia mpira ule kwa kichekesho tu, au ameonyesha pia kwamba mjinga yeyote mwenye gunia anaweza kumchukua? Akiyaweka yote mawili kwenye tukio moja, jangili wake anaweza kuwa mpumbavu atakavyo na bado ukaogopa.

Watoto kwenye kitabu wanaiba kinda la ndege, wanafukua mayai ya kasa na kuyaficha, wanafungua mitego usiku. Niwasifu kwenye maoni yangu? (Msomaji, miaka 12)

Sifu moyo wao kama umekugusa, lakini pima vitendo kimoja kimoja, kwa sababu hapa kuna mtu anaweza kusoma maoni yako kisha akaiga.

Kinda lenye manyoya kamili linalorukaruka chini mara nyingi halijapotea. Linajifunza kuruka na wazazi wake wako karibu, kwa hiyo liachwe, au lisogezwe kichakani kama kuna paka. Kinda tupu lisilo na manyoya linaweza kurudishwa kwenye kiota kama kinafikika. Ile imani kwamba mama hulikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu si ya kweli. Mtoto wa swala aliyelala peke yake nyasini naye kwa kawaida amefichwa na mama yake, hajatelekezwa. Anayembeba ndiye anayemfanya yatima.

Mayai ya kasa ni hatari zaidi. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete, yaani kasa anayeanza kuumbika, hujishikiza juu ndani ya ganda. Yai likigeuzwa au kutikiswa baada ya hapo, kiinitete kinaweza kufa bila dalili yoyote kwa nje. Joto la mchanga nalo ndilo linaloamua jinsia: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike zaidi. Kwa hiyo watoto wanaoyahamishia mayai kwenye ndoo ya mchanga chini ya kitanda wamefanya kosa, hata kama sura hiyo inachekesha kuliko zote. Wenye mafunzo ndio huhamisha, mapema baada ya kutagwa, bila kuyageuza.

Mtego wa waya wenye mnyama hai aliyenaswa haufunguliwi na mtoto wala mtu mzima asiye na vifaa. Mnyama aliyenaswa hupiga mateke na kuuma, na wanaonusuru wenye ujuzi humlaza kwa dawa kwanza.

Kwenye maoni yako andika hivi: kitendo kilinisisimua, kitabu kilionyesha madhara yake au hakikuonyesha. Kama watoto walikosea na hadithi ikawaadhibu kwa kinda kufa, mwandishi amekuwa mkweli. Kama kila kitu kilikwenda sawa, sema kwamba katika maisha kisingekwenda.

Nitoe nyota ngapi, na je naweza kusema mwisho unavyokuwa? (Msomaji, miaka 10)

Nyota andika mwisho, baada ya sababu. Ukianza na nyota utatafuta sababu za kuzitetea. Mwisho usiutoboe, ila unaweza kusema kama ulikuridhisha na kama ulihisi umeharakishwa. Kuna jambo moja tunalolitetea: kama mnyama anayependwa anakufa, unaruhusiwa kudokeza kuwa kuna kifo. Wapo wasomaji wadogo wanaohitaji kujua kabla.

Nina darasa la wanafunzi 40. Wote wameniandikia maoni yaleyale: "tumejifunza kutunza wanyama". Nimekosea wapi? (Mwalimu wa lugha)

Mwalimu, inawezekana sana swali lilikuwa "mmejifunza nini?" Swali hilo lina jibu moja linalojulikana kabla kitabu hakijafunguliwa, na mwanafunzi mwerevu hukupa unachotaka. Badala yake uliza: "Ni ukurasa gani ulitaka kuuruka?" au "Ni mhusika gani mwandishi hakumtendea haki?" Haya hayajibiki bila kusoma.

Waandike kabla ya majadiliano, dakika kumi, kimya, bila majina juu ya karatasi. Mkianza kwa kujadili, wote wataandika maoni ya mzungumzaji hodari wa darasa. Kisha kusanya, changanya, soma kwa sauti karatasi mbili zinazopingana, na uwatake waliobaki watafute ushahidi kitabuni wa kila upande. Darasa la 40 ligawe makundi ya watano. Kundi la kumi huwa na watatu wanaofanya kazi.

Alama zisifuate kama mwanafunzi amekipenda kitabu. Toa alama kwa ukurasa uliotajwa, kwa sababu iliyotolewa, na kwa jambo moja la wanyama alilolihakiki. Wakishajua kwamba kukikataa kitabu hakupunguzi alama, maoni yataanza kutofautiana.

Kila mtu amecheka, mimi sikucheka hata mara moja. Nina kasoro? (Msomaji, miaka 13)

Huna. Chagua tukio wanalolisifu wenzako, lisome kwa sauti mara mbili, maana vichekesho vingine viko kwenye mapigo ya mazungumzo na husinyaa vikisomwa kimya. Kama bado hujacheka, jiulize ni nani aliyekuwa akichekwa. Huenda ni mkulima ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo, na wewe unajua shamba likikanyagwa nyumba inakula nini mwaka huo. Huenda ni mnyama anayeteswa, na mwandishi ameligeuza teso kuwa mchezo. Huenda kichekesho kimerudiwa mara ya sita. Hizo ni sababu tatu tofauti kabisa, na kila moja inamwambia mwandishi jambo jingine. Andika iliyo yako, taja ukurasa, utie sahihi.