Ndege ikishakwepa wingu la radi, hurudije kwenye njia yake?

SWALI: Nilikuwa nasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Dubai. Rubani akatutangazia kwamba tunapinda kushoto kukwepa mawingu ya radi, na baadaye nikahisi tunapinda tena. Je, ndege hurudi yenyewe kwenye njia iliyopangiwa?

JIBU: Hairudi yenyewe, ndugu yangu, na hapo ulipouliza ndipo sisi marubani tunapotakiwa kuwa macho zaidi.

Rubani huomba kwanza kwa mwongoza ndege, tuseme maili 20 kushoto. Akikubaliwa, anaitoa otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege, kwenye njia ya kompyuta na kuipa uelekeo kwa kuzungusha kitufe. Tangu hapo ndege inafuata kitufe tu, hata njia ikibaki mbali kulia. Wingu likishapitwa anaripoti, na mara nyingi huambiwa aende moja kwa moja hadi nukta fulani ya mbele. Rubani mmoja anaiingiza kwenye kompyuta, mwenzake anaihakiki, ndipo otopailoti inarudishwa kwenye njia. Hiyo ndiyo kona ya pili uliyoihisi.

Ugumu huja anapoambiwa aikute njia ya awali kwa pembe. Akibonyeza kitufe cha kufuata njia, otopailoti inasubiri kwanza: maandishi kwenye skrini huwa meupe au ya buluu, kutegemea aina ya ndege, na hugeuka kijani njia inaposhikwa. Usipoiona kijani, bado hujarudi.

Septemba 1, 1983, ndege ya Korean Air Lines, safari namba 007 kutoka Anchorage kwenda Seoul, haikuwa ikikwepa wingu, lakini haikuishika njia yake. Ilidunguliwa na Wasovieti karibu na kisiwa cha Sakhalin, wakafa watu wote 269. Uchunguzi wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, wa 1993 uliona kuwa otopailoti ilibaki kwenye uelekeo: ama haikubadilishwa, au ilibadilishwa ndege ikiwa imeshaachana mno na njia.

Juu ya bahari, kama kibali hakipatikani na wingu liko mbele, rubani anaruhusiwa kukwepa huku akizitangazia redioni ndege za jirani. Akifika maili 5 nje ya njia hubadili kimo kwa futi 300. Kwa safari ya kuelekea mashariki kama yako, akienda kushoto hushuka, kulia hupanda. Hapo anakuwa ameachana na walio kwenye kimo chake, bila kumfikia aliye futi 1,000 chini au juu. Wakati wa kurudi, anapofikia maili 5 kutoka kwenye njia, awe tayari kwenye kimo alichopangiwa.