Karatasi ya fentanili: mstari mmoja ndio wa hatari

Mimi ni mhudumu wa afya kijijini, Busia. Kila siku napima malaria. Naambiwa zipo karatasi za kupima kama unga wa kulevya, kama heroini, umetiwa fentanili, ile dawa kali ya maumivu inayoua ikizidi. Husomwa vivyo hivyo?

Hapana, ndugu yangu, na hapa naomba usome polepole. Kipimo cha malaria kikitoa mistari miwili, mgonjwa anayo. Karatasi ya fentanili ni kinyume: mstari mmoja, fentanili imo, mistari miwili, haikuonekana. Jicho lililozoea malaria laweza kumwambia mtu "uko salama" naye ameshika kifo mkononi. Ukifundisha kikundi, anza na hilo kabla hujafungua pakiti. Mengine ni mepesi: unga kidogo huyeyushwa katika maji safi, karatasi huchovywa sekunde 15 hivi, kisha hulazwa dakika chache.

Mistari miwili ikitoka, mwanangu yuko salama? Mama, Kisenyi

La, mama. Fentanili haichanganyiki sawasawa: upande huu wa kete hauna kitu, upande wa pili unaua. Nayo ni kali kama mara 50 kuliko heroini. Asitumie peke yake, na aliye naye awe na naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini au fentanili. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa hiyo iwafikie hata ndugu na marafiki. Pumzi ikikatika, mpe naloksoni, mpulizie mdomoni. Akianza kupumua mlaze ubavu, kisha hospitali. Mpeleke hata akizinduka, kwani naloksoni yaweza kuisha nguvu ndani ya saa moja na hali ile ikarudi. Akitaka kuacha, hospitali ya Butabika, Kampala, walianza mwaka 2020 kutoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini. Msindikize, na usimtukane njiani.

Hilo ni tatizo la Marekani. Kwa nini tutoe pesa Kampala? Msomaji, Ntinda

Marekani mwaka 2021 walikufa zaidi ya watu 100,000 kwa kuzidisha dozi, wengi wao kwa fentanili na jamaa zake. Mwaka huohuo serikali ndipo iliporuhusu fedha zake zinunue karatasi hizi. Walichelewa, nami sitaki sisi tuanze kwa kuhesabu makaburi. Heroini ya Afghanistani hutufikia kupitia pwani ya Afrika Mashariki, ikipita mikono mingi, na mnunuzi wa kete hajui kilichoongezwa njiani. Ningenunua naloksoni kwanza, karatasi zifuate, zigawiwe na watu ambao vijana hawawakimbii, kama Uganda Harm Reduction Network, shirika linalowasaidia watumiaji wa dawa za kulevya. Askari asiwekwe mlangoni, maana hatakuja mtu kupima.