Soko la unga wa lishe: kabla ya kuchapa vifungashio, nenda kakae mashineni

Mkuu, nimekusoma. Una milioni moja na nusu, unataka kuanza kutengeneza unga wa lishe, mtu wa vifungashio amekwambia hachapi chini ya pakiti elfu moja, na ushahidi wako wa soko ni kwamba uliuliza kwenye makundi mawili ya WhatsApp na karibu wote wakajibu "nitanunua". Unauliza kama hiyo inatosha. Haitoshi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu biashara hii ndiyo inayonilisha hapa Morogoro.

Tuanze na hao wa WhatsApp. Sisi watu wa huku hatukatishani tamaa usoni. Mtu akikuonyesha mradi wake unamwambia hongera sana, Mungu akutangulie, mimi niwekee kilo mbili. Ile ni adabu tu, usiiandike kwenye daftari la oda. Wala usiwalaumu, maana umewauliza habari ya kesho, na kesho kila mzazi anampikia mwanawe uji safi wa nafaka zilizochaguliwa. Waulize ya juzi. Mara ya mwisho ulisaga unga wa mtoto lini? Vitu ulinunua wapi? Ulichanganya nini na nini? Ukijumlisha na hela ya kusaga ilikutoka shilingi ngapi? Nini kilikuudhi? Mwenye kununua kweli atakutajia bei na soko bila kufikiri. Ambaye hajawahi kununua ataanza kukueleza faida za ulezi.

Halafu acha kuuliza kabisa kwa muda, nenda ukaangalie.

Mimi kabla sijauza hata kilo moja nilijizoesha kwenda kukaa kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, hasa Jumamosi asubuhi. Ukimzoea kijana anayesaga, ukamnunulia soda, umepata benchi na umepata mwalimu. Yule anajua nani anasaga nini, nani kila mwezi, nani alianza akaacha. Na pale ndipo nilipoelewa kwamba mshindani wa unga wa lishe wa pakiti ni hiyo mashine, wala si pakiti nyingine ya supamaketi. Mama anakuja na kindoo chake: mahindi, ulezi, soya iliyokaangwa, karanga kiasi, mwingine ameongeza mchele. Anapanga foleni na mtoto mgongoni. Ameshahangaika kutwa nzima kabla ya kufika pale, na hayo mahangaiko ndiyo unayopaswa kuyajua.

Kuna mama mmoja bado namwona. Unga wake umetoka, una joto bado, akachota kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akauminya polepole kwa meno ya mbele. Akatulia kama anayesikiliza kitu. Kisha akamgeukia mwenzake: "Bado una mchanga." Ule ulezi alikuwa ameuosha maji matatu.

Basi nikaanza kuangalia wengine, na karibu wote wanauonja hivyo hivyo. Ulezi wetu mwingi hupurwa chini, kwa hiyo mchanga unakuja nao kutoka shambani, na punje ni ndogo mno huwezi kuchambua kwa mkono kama mchele. Ni kuosha tu, tena na tena. Ukishaosha unatafuta jua, na masika huku jua unalisubiri hata siku nne. Ulezi unaanza kunuka, unaota. Lingine walilolalamikia ni unga wa mtu aliyetangulia. Kama kabla yako kimesagwa dona, kiasi fulani kimebaki kwenye mashine na kinaingia kwenye uji wa mtoto wako, kwa hiyo kuna wanaokubali kusubiri ili wasage baada ya mwenzao wa lishe. Na utaona mama anasimama palepale ameshika mdomo wa mfuko, macho hayabanduki. Nikamuuliza mmoja kwa nini asinunue uliokwishasagwa dukani. Akanijibu kwa swali: "Nitajuaje kama hawajajaza mahindi?"

Hapo mkuu tafakari kidogo. Wanalia na mchanga, jua, na kutoamini wasichokiona. Kuhusu pakiti yenye picha ya mtoto mnene sikusikia neno. Unga uliokwishachanganywa nao hawakuuomba. Kwao kuchanganya ndiyo sehemu rahisi, tena kila mmoja ana yake aliyoambiwa kliniki au na mama mkwe, na wengine wameambiwa waache kabisa kurundika nafaka nyingi. Ningewauliza "mnataka nini" wangenijibu "unga mzuri wa bei nafuu", nami ningeutengeneza.

Kwa hiyo bidhaa yangu ya kwanza haikuwa unga. Ilikuwa ulezi uliooshwa hadi maji yanatoka meupe na kukaushwa vizuri kwenye vichanja. Naupima kilo na nusu kilo kwenye mfuko unaoonyesha ndani. Mama anaona punje, anauchukua, anachanganya mwenyewe, anasaga mwenyewe. Unga ulikuja baadaye, kwa kuombwa na wale wale walioshauamini ulezi. Na kwenye kukausha usicheze, hasa mahindi na karanga: mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, ya kwenye mahindi. Unalisha watoto wa watu.

Mteja mwingine sikumtegemea, nilimwona palepale mashineni: mama muuza uji wa asubuhi, yule wa chupa kubwa za chai pale stendi. Huyu hakujali sana lishe. Anataka unga unaofanya uji mzito kwa vijiko vichache, na uwe vilevile kila wiki maana wateja wake wanajua ladha. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu wa kumkimbilia. Mtoto anakua, anahamia ugali, mama yake anakupotea; muuza uji yupo palepale Jumatatu mpaka Jumamosi.

Nakuonya pia kuhusu maduka. Utapita na sampuli, na wenye maduka watakukubalia kirahisi mno: "Lete, acha hapa." Hiyo ni mali kauli, hajatoa hata mia, kwa nini akukatalie? Pakiti kukaa kwenye shelfu hakukuambii kitu. Ukitaka kujua ukweli, geuza pakiti za wenzako zilizopo pale usome tarehe, futa vumbi, kisha muulize mwenye duka ni ipi huwa anaipigia simu mwenyewe ikiisha. Akisita, umeshapata jibu.

Na hili la kuangalia matumizi si la sisi wadogo tu. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, kilichotangazwa kilikuwa kutuma pesa nyumbani.

Sasa kwa upande wako. Rudi kwenye yale makundi mawili uandike hivi: "Nasaga Jumamosi, kilo shilingi 4,000, atakayehitaji atangulize 2,000 leo, nisiposaga narudisha." Weka namba ya kutumia, kisha kaa kimya. Usibembeleze, usiwapigie simu shangazi zako. Hao watakaotuma, hata wakiwa wanne, hao ndio soko lako la kuanzia, na uwafuate wakishatumia: mtoto aliumaliza? Kuna aliyekuomba? Utanunua tena lini? Atakayenunua mara ya pili bila kukumbushwa ana thamani kuliko kundi zima la "hongera".

Vifungashio elfu moja viache kwanza. Mchanganyiko wako utabadilika ukishasikia watu, na ukibadilika maandishi ya viambato kwenye lebo yanakuwa ya uongo. Tena TBS, wale wa shirika la viwango, wana masharti yao kuhusu kinachoandikwa pale, kwa hiyo pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, ya mkoa wako mapema, wakufundishe na wakupe barua ya utambulisho, ndipo uende TBS ukiwa na bidhaa iliyotulia. Kwa majaribio mifuko ya kawaida inayoonyesha ndani na stika uliyoprinti steshenari inatosha.

Kwenye ile milioni na nusu usiguse zaidi ya laki mbili mpaka uwe umekaa mashineni na umepokea hela ya kutangulizwa. Ukipata majibu yaweke hapa hapa, hasa bei wanayolipa sasa kwa kilo wakijumlisha na kusaga, tukupigie hesabu ya kama kuna faida inayobaki au hakuna.