Majilio bila Utukufu

Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 2025, nilikuwa nimeshavuta pumzi niimbe Utukufu, ule wimbo wa sifa wa mwanzo wa Misa, padri akasema, "Tuombe." Nikafunga mdomo kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Nimekulia parokiani, najua fika kwamba Majilio, majuma ya kungojea Noeli, hatuuimbi hadi mkesha wa Noeli, labda iangukie sikukuu kubwa kama ile ya tarehe 8 Desemba. Ila siku hiyo ndipo nilipotambua tunachonyimwa. Utukufu huanza na wimbo wa malaika wa Bethlehemu, wenye "na amani duniani". Dominika nne mfululizo Kanisa linauweka kando.

Kwa sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, naona hiyo ni heshima. Waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, benki zilifungwa, majirani wawili wa mtaani kwetu wamehama, na ndugu walio mbali hawaishi kunitumia ujumbe kwamba amani inaanzia moyoni. Sawa. Lakini wenye bunduki hawakupitia moyoni mwangu walipokuja. Kwa hiyo wewe uliyechoka kuombea amani, usijilazimishe kuimba. Lalamika. Sura ya 64 ya Isaya inafunguka na mtu anayemtaka Mungu apasue mbingu ashuke, na maneno hayo husomwa kanisani Dominika ya kwanza ya Majilio katika Mwaka B, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa. Hakuna aliyemkemea nabii kwa kukosa adabu.

Halafu mishumaa. Picha za mitandaoni zinaonyesha taji la majani lenye mishumaa minne, mmoja kwa kila Dominika. Nilijaribu. Mshumaa wa kwanza uliisha Jumanne, umeme ulipokatika na mtoto ana kazi za shule. Sasa tunatumia kipande kilichobaki, kimesimamishwa kwenye kifuniko cha chupa, na tunasali kikiwa kinawaka kwa shughuli nyingine. Usinunue taji.

Kilichonisaidia kweli nilikipata kwa mama yangu. Mwaka 1996 nilikuwa na miaka tisa. Tarehe 29 Oktoba Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapa mjini, na Majilio yalipoanza tarehe 1 Desemba watu walikuwa wametawanyika kila upande. Mama hakujua waliko wadogo zake. Jioni alituketisha kwenye mkeka, akagawa rozari, yaani makumi matano ya Salamu Maria, kwa njia zitokazo mjini. Kumi la kwanza: barabara ya Goma, kupitia Kalehe na Minova. La pili: barabara ya Uvira, na mteremko ule wa Kamanyola. La tatu: Walungu hadi Mwenga. La nne: ziwani, kwa waliopanda mitumbwi kwenda kisiwa cha Idjwi. Kila Salamu Maria alitaja mtu, na kama hakumjua jina alisema "yule mama wa mkaa", "yule mwenye mguu mbaya".

Jaribu hivyo. Ukisema tu "amani kwa Kongo", midomo inasali huku akili inawaza bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Lakini ukimwombea kaka yako aliye njia ya Uvira, unaona kizuizi, unaona anavyopapasa mfukoni akitafuta kitambulisho, na huwezi kusinzia. Ushauri mwingine mdogo: acha kusoma uvumi wa simu nusu saa kabla ya sala. Mimi nilikuwa nasali nikiwa nimeshika simu mkono wa pili, na sijui nilikuwa namdanganya nani.

Kumi la tano mama alilitoa kwa ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Cyangugu, Rwanda. Sisi watoto tulinuna. Kaka yangu mkubwa alithubutu kusema wazi kwamba wale hawaombei. Mama hakujibu. Ukinung'unika, alilirudisha kumi lote toka Salamu Maria ya kwanza, na magoti yalikuwa yako.

Mwaka huu nimeirudisha rozari ya njia nyumbani kwangu, mkeka uleule. Kumi nne zinakwenda vizuri, watoto wameanza hata kuongeza majina ya wanafunzi wenzao waliohama. Nikifika kumi la tano naharakisha. Juzi binti yangu alinishika mkono akaniambia nimesali Salamu Maria saba tu.