Voliboli ya wanafunzi, watu elfu tisini?

SWALI: Habari za kazi kaka. Msichana wangu wa pili yuko chuo huko Nebraska, Marekani, alipata skolashipu ya kukimbia, na kila akipiga simu stori ni ile ile, eti mji mzima unavaa nyekundu, eti wasichana wa chuo walicheza voliboli mbele ya watu elfu tisini. Mimi nimechezea timu ya kazini voliboli miaka saba, fainali yetu watu walikuwa kama mia mbili, na nusu yao ni familia zetu. Ananidanganya? Na mbona watu wazima wafuate wanafunzi, hawana timu zao kama Gor Mahia yetu ya soka? Tena siku hizi anasema "sisi Nebraska", hiyo inaniuma.
Mama wa mkimbiaji, Kayole

JIBU: Mama, hakudanganyi, tena amepunguza. Tarehe 30 Agosti 2023 pale Lincoln, mji wa chuo hicho, waliweka neti katikati ya uwanja wa futiboli yao ile ya helmeti, wasichana wa Nebraska wakawachapa wenzao wa chuo cha Omaha seti 3-0 na watu waliohesabiwa ni 92,003. Kasarani hata ijae pomoni haifiki hapo! Na uwanja huo huo, mechi za nyumbani za futiboli ya chuo tiketi huisha zote tangu 1962.

Sasa hilo la Gor. Nebraska haina timu ya ligi kuu ya futiboli, wala basketiboli, wala besiboli, kwa hivyo chuo ndicho timu ya jimbo zima, mkulima ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo anavaa ile nyekundu kama kawaida. Wanaitwa Cornhuskers, yaani waambua mahindi, mtu wa Kitale hapo hahitaji kuelezwa.

Lakini hata kwenye miji yenye timu za kulipwa kuna jambo linalouma watu. Timu ni mali ya tajiri, na tajiri akikosana na mji juu ya uwanja anafunga virago. Baltimore, Machi 1984, usiku, theluji inaanguka, malori ya kuhamisha vyombo vya nyumba yakafika kwa ofisi za Colts, timu ya futiboli ya mji huo, yakabeba helmeti, mafaili, kila kitu, kunakucha timu iko njiani kwenda Indianapolis, na jina ikaenda nalo. Oakland ndiyo imeonewa zaidi, Warriors wa basketiboli waliondoka 2019, Raiders wa futiboli 2020, Athletics wa besiboli 2024, mji ukabaki mikono mitupu. Fikiria uamke usikie Gor imepelekwa mji mwingine na ile kijani yake! Chuo nani atakipakia kwa lori? Ndiyo maana watu wanaweka moyo pale, baba, mtoto na mjukuu.

Hapa kwetu voliboli ya wanawake tuna KCB ya benki, Pipeline ya kampuni ya bomba la mafuta, na Magereza, timu zilizobeba ubingwa wa Afrika, nazipenda sana, lakini ni za mwajiri, sasa mtu wa Kayole ambaye hafanyi kazi huko ataanzaje kusema yetu? Wale mia mbili wenu, mimi naona sababu ni hiyo, si kwamba mlicheza vibaya. Natamani vyuo vyetu na mitaa ipewe hizi timu, kweli natamani.

Kuhusu "sisi Nebraska" usiumie mama. Mkimbiaji wetu Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Washington State huko Marekani, kiko kamji kadogo kanaitwa Pullman, na mwaka 1978 akavunja rekodi nne za dunia kwa siku 81, mita 3,000, 5,000, 10,000 na ile ya kuruka viunzi na maji. Pullman walimwita wetu, na rekodi zote nne zikaandikwa Kenya.

Akipiga tena muulize wanakimbia lini, mbio nyingi za vyuo zinaonyeshwa kwa intaneti. Wakati wa baridi Lincoln iko nyuma yetu saa tisa, kwa hivyo mbio za saa nne asubuhi kwao wewe unaziona saa moja jioni.