Kamera ya Video Ikigoma: Jaribu Haya Kabla ya Kumwona Fundi

Kamera ya video ikikataa kuwaka, kurekodi au kutoa sauti, mara nyingi ubovu hauko ndani yake. Uko kwenye betri, kadi au kebo. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha betri na kadi kwa mpigo na kamera ikakubali, hutajua kibovu kilikuwa kipi.

Anza na umeme. Toa betri, washa kamera kwa adapta yake peke yake (baadhi ya zile zinazochajiwa kwa USB hazikubali kuwaka bila betri ndani). Ikiwaka, betri imechoka au sehemu zake za chuma zimeingia uchafu. Zifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uziache zikauke kabisa. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado inashika chaji. Kamera isipowaka hata kwa adapta, toa kila chanzo cha umeme, subiri dakika kumi hivi, ujaribu tena. Kamera iliyoganda mara nyingi huzinduka hivyo.

Kadi ndiyo msumbufu mkubwa. Kwanza tazama kile kitufe kidogo cha pembeni ya kadi ya SD. Kikiteleza kwenye upande wa kufunga, kamera haiandiki kitu. Pili, ukubwa: kadi ya zaidi ya GB 32 ni ya aina ya SDXC, na kamera za zamani zilizotengenezewa SDHC (kadi zisizozidi GB 32) hazina hakika ya kuisoma. Tatu, kasi. Kurekodi kukikatika baada ya sekunde chache, piga hesabu. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inaandika megabaiti 12.5 kila sekunde, na kadi yenye alama ya kasi ya Class 10 inaahidi 10 tu. Nunua ya V30, inayoahidi 30. Fomati kadi ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, baada ya kunakili kila kitu. Na usibadilishe majina ya faili kadi ikiwa kwenye kompyuta, maana kamera inaweza kushindwa kuzitambua. Ukifuta video kwa bahati mbaya, acha kurekodi hapo hapo na utoe kadi. Kila dakika mpya inaweza kufunika ile ya zamani.

Skrini ikiwa nyeusi, unganisha kamera na televisheni kwa HDMI. Picha ikionekana huko, lenzi na sensa (kipande cha ndani kinachonasa picha) ni nzima. Sasa fungua na kufunga skrini polepole: picha ikija na kupotea kulingana na pembe, waya bapa unaopita kwenye bawaba umechakaa. Hiyo ni kazi ya fundi, ila si ya kutisha. Lakini menyu ikionekana sawasawa huku picha ikiwa nyeusi, ya zambarau au yenye mistari, hata kwenye televisheni, na kifuniko cha lenzi kimefunguka, shaka sensa. Bei yake inaweza kuzidi thamani ya kamera.

Picha inayopepesa chini ya taa za ndani si ubovu. Umeme ukiwa wa Hz 50, weka kasi ya shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ukiwa wa Hz 60, weka 1/60.

Sauti ikipotea, chomoa chochote kilicho kwenye tundu la maiki, kwa sababu plagi ikiingia, maiki ya ndani hukatwa. Maiki iliyotengenezewa simu ina mistari mitatu kwenye plagi yake, ya kamera ina miwili; bila adapta hazielewani.

Kwa wenye kamera za kaseti za MiniDV, picha yenye vijiboksi au mistari ya kulala huashiria hedi (sehemu inayosoma mkanda) chafu. Pitisha kaseti kavu ya kusafishia kwa sekunde kumi, si zaidi, kwani inakwaruza. Usiingize pamba, nyuzi zake hunasa kwenye hedi. Kwenye kamera nyingi za Sony, msimbo C:21 kwenye skrini ni unyevu (acha kaseti nje, kamera ipumzike saa moja), C:22 ni hedi chafu. Zikija E:61 au E:62 na kuzima hakusaidii, mpelekee fundi.

Mpelekee pia bila kujaribu chochote kamera iliyonuka kuungua, lenzi inayosaga, mkanda uliokwama ndani, au iliyoingia maji. Iliyolowa usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toa betri kwanza. Ya maji ya chumvi ipelekwe siku hiyo hiyo, kutu haisubiri.

Kabla ya kuiacha, toa kadi, andika tatizo linatokea wakati gani na msimbo unaosomeka, kisha uliza gharama kabla haijafunguliwa. Ikizidi nusu ya bei ya kamera kama hiyo iliyotumika, tafuta nyingine.